Kazi Huhama: Maneno kwa Wakaaji wa Mkomani na Ng'ambo Yote ya Mombasa



Hakuna neno lizungumzwalo barazani kuliko neno la kazi. Mzee husema kwamba vijana wameacha jembe na nyavu. Kijana hujibu kwamba jembe halina ardhi na nyavu hazina samaki. Mama naye huuliza mtoto aliyemaliza shule atashika kazi gani. Maneno haya matatu yaonekana kama ugomvi wa nyumbani, lakini kwa kweli ni jambo moja lililozipata nchi zote za dunia, nalo ni kuhama kwa kazi. Yafaa jambo hili lifahamike vizuri, kwa sababu mzazi asiyejua kazi zinahamia wapi hawezi kumwongoza mwanawe.

MAFUNGU MATATU YA KAZI

Wataalamu wa uchumi hugawanya kazi za binadamu katika mafungu matatu, ambayo siku hizi huitwa sekta. Fungu la kwanza ni kazi za kutoa mali katika ardhi na bahari: kulima, kufuga, kuvua, kukata miti na kuchimba mawe. Fungu la pili ni kazi za kuigeuza mali hiyo iwe kitu kingine: nazi iwe mafuta, jiwe liwe saruji, pamba iwe shati, na ujenzi wa nyumba umo humo. Fungu la tatu ni kazi za kuwahudumia watu: kuuza, kuchukua mizigo, kufundisha, kutibu, kupika hotelini, kulinda na kuandika hesabu. Mtu wa fungu la tatu hatoi kitu cha kushikwa mkononi, lakini bila yeye mali haimfikii mnunuzi.

Mgawanyo huu ulielezwa na Allan Fisher, mzaliwa wa New Zealand, katika mwaka wa 1935. Mwaka wa 1940 Mwingereza Colin Clark alikusanya hesabu za nchi nyingi, akaonyesha kwamba nchi inapotajirika watu hutoka katika fungu la kwanza wakaenda la pili, kisha wakazidi kuingia la tatu.

Mfano ulio wazi ni Uingereza na Wales. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1841, kati ya kila wafanyakazi 100, wapatao 22 walikuwa katika kilimo na uvuvi, 36 katika viwanda, na 33 katika huduma. Katika hesabu ya mwaka wa 2011, wa kilimo hawakufika hata mmoja katika 100, wa viwandani walikuwa 9, na wa huduma 81. Yaani nchi iliyosifiwa kwa viwanda vyake imekuwa nchi ya maduka, shule, hospitali na ofisi.

Sababu za mabadiliko haya ni mbili. Ya kwanza ni vyombo. Mkulima mwenye trekta, mbegu bora na mbolea hulisha watu wengi, kwa hiyo mikono iliyobaki huwa huru kwenda kiwandani. Baadaye mashine huingia kiwandani vilevile, na mikono ikahama tena. Sababu ya pili ni tumbo. Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka wa 1857 kwamba kadiri jamaa wanavyopata fedha zaidi, ndivyo sehemu ya fedha inayokwenda kwenye chakula inavyopungua. Tumbo lina kipimo chake; likishiba, fedha hutafuta nguo, kisha hutafuta shule, dawa, safari na starehe. Kazi huifuata fedha.

MOMBASA ILIFUATA NJIA YAKE

Lakini asidhani mtu kwamba njia hii ni ngazi moja ambayo kila mji lazima uipande kwa kufuata vidato vyake. Jina lenyewe la Mkomani hukumbusha mikoma, mti wa jamii ya minazi ambao miyaa yake husukwa vikapu na majamvi. Zamani wakaaji wa upande huu, pamoja na majirani wao wa Kongowea na Kisauni, waliishi kwa fungu la kwanza: mihogo, nazi, tembo la mgema, makuti, chokaa ya matumbawe, na samaki. Nyali nayo ilikuwa shamba kubwa la katani.

Ng'ambo ya pili ya maji, kisiwani, mambo yalikuwa mengine. Mombasa ilikuwa bandari karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa. Manahodha, mahamali, makarani, wauza maji na wenye maduka, hao wote ni watu wa fungu la tatu. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka wa 1896, na reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, kazi ya uchukuzi ikazidi. Basi kule Manchester kiwanda kilitangulia, na hapa Mombasa uchukuzi ulitangulia. Fungu la tatu si jambo geni kwa mtu wa Pwani.

Jambo la kutazama ni hili: kuwa katika fungu la tatu hakukumfanya mchukuzi wa gunia kuwa tajiri. Neno kibarua lilikuwa jina la kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Mwishowe likawa jina la kazi yenyewe. Mwenye kibarua alilipwa leo, na kesho hakujua kama ataitwa. Hayo na ughali wa maisha ndiyo yaliyoleta mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha bandari na reli na kazi nyingi za mji. Wagomaji hawakudai kurudi shambani wala kupelekwa kiwandani. Walidai kwamba kazi waliyokuwa nayo imtunze mtu na jamaa yake.

KUVUTWA NA KUSUKUMWA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno haya. Mtu huacha fungu la kwanza kwa njia mbili. Huenda akavutwa, na huenda akasukumwa.

Huvutwa pale shamba linapozaa vizuri hata kwa watu wachache, na mjini kuna kazi yenye mshahara bora. Akiondoka, shamba halipungukiwi na mji unaongezeka. Huyo amepata na nchi yake imepata.

Husukumwa pale ardhi inapomtoka, au bahari inapokuwa chache, kabla hajapata ujuzi wa kazi nyingine. Akiondoka, hubeba umaskini wa shamba akauweka mjini chini ya jina jipya. Katika vitabu vya hesabu ataandikwa kuwa amehamia fungu la tatu, kana kwamba amepanda daraja. Lakini nyumbani sufuria ni ileile.

Katika Pwani yote mawili yametokea. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya Pwani apeleke dai lake, na ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakilima kwa desturi za wazee wao hawakuwa na karatasi, wakajikuta ni maskwota katika mahali walipozaliwa. Watu hawa hawakuliacha jembe kwa kuwa trekta limefika, bali kwa kuwa hawakuwa na mahali palipo imara pa kulishika.

Kisha mji ulivuka maji. Daraja la Nyali la kuelea lilifunguliwa mwaka wa 1931, na daraja jipya la saruji likashika nafasi yake mwaka wa 1980. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka wa 1946, na baada yake hoteli zikaenea ufuoni kuelekea Bamburi na Shanzu. Katani ikatoa nafasi kwa nyumba, na nyumba zikatoa kazi: waashi, mafundi wa umeme, watunza bustani, walinzi, wapishi na madereva. Aliyekuwa na ufundi alivutwa. Asiyekuwa nao alisukumwa, akachukua kazi ya mshahara mdogo kuliko zote.

FUNGU LA PILI LILIVYOPITA

Yuko atakayeuliza, je, viwanda havikuwako? Vilikuwako, na vingine vipo hata leo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka wa 1954. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka wa 1963. Viwanda vya nguo za kupelekwa ng'ambo vilipata nguvu baada ya Marekani kutunga, katika mwaka wa 2000, sheria iliyoruhusu nguo za nchi nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru.

Historia ya viwanda hivi ina mafunzo. Huko Bamburi ardhi moja imepita katika mafungu yote matatu. Kwanza matumbawe yalichimbwa. Hilo ni fungu la kwanza. Kisha yakachomwa na kusagwa yakawa saruji. Hilo ni fungu la pili. Machimbo yalipokwisha yakabaki mashimo makavu yasiyo na mti. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa Uswisi, alianza kupanda miti humo, hasa mivinje, na leo mahali hapo ni bustani iitwayo Haller Park, ambamo wageni hulipa kiingilio ili watazame twiga na viboko. Hilo ni fungu la tatu. Ardhi haikuhama mahali pake. Kazi ndiyo iliyohama.

Kule Changamwe mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa 2013 kiwanda kiliacha kusafisha mafuta. Matangi yake yakaendelea kutumiwa kuwekea mafuta yaliyokwisha safishwa katika nchi nyingine. Hapo kazi iliondoka katika fungu la pili ikaingia la tatu, lakini si kwa sababu ya utajiri. Mitambo ilikuwa imechakaa, na mafuta ya nje yalikuwa nafuu. Kulinda tangi hakuhitaji mafundi wengi kama kusafisha mafuta.

Viwanda vya nguo navyo viliwapa kazi watu wengi, na hasa wanawake. Lakini mwaka wa 2005, mipaka ya biashara ya nguo duniani ilipoondolewa, nguo za China zilijaa masokoni, na viwanda kadha vya Kenya vikafunga milango au vikapunguza watu. Tena tazama jikoni. Pwani ina minazi tangu zamani, lakini sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yauzwayo Kenya hutokana na mawese yaletwayo kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Kiwanda kinachoyasafisha kipo, nacho ni cha fungu la pili. Lakini mkulima wa nazi hapati chochote humo. Fungu la pili lisiposhikana na la kwanza, faida huishia gatini.

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Dani Rodrik, mtaalamu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, ameeleza kwamba nchi nyingi za Afrika na Amerika ya Kusini huanza kupoteza kazi za viwandani mapema, kabla hazijatajirika. Katika Kenya viwanda hutoa chini ya sehemu moja katika kumi ya pato la taifa kwa mwaka, na kilimo hutoa kama sehemu moja katika tano. Watu wengi wametoka shamba wakaruka kiwanda, wakatua katika huduma.

FUNGU LA TATU LINA MADARAJA MENGI

Basi mtu akisema kwamba mwanawe yuko katika huduma, hajasema neno lolote bado. Rubani wa meli aingizaye manuwari bandarini yuko katika huduma, na auzaye karanga kwenye kivuko cha Likoni yuko katika huduma. Daktari na bawabu, mwalimu na mwendesha bodaboda, karani wa forodha na mama auzaye mahamri kwa mbaazi, wote wameandikwa katika fungu moja.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, ikaeleza kwamba mafundi na wachuuzi wasio na leseni wala mshahara wa mwezi si wavivu, bali wanafanya kazi ya kweli inayostahili kusaidiwa. Watu hao wa jua kali wamezidi sana tangu siku hizo. Ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya kila wafanyakazi 10 wa Kenya wamo katika jua kali. Wengi wao hawana mkataba, wala likizo, wala akiba ya uzeeni. Kile kibarua cha zamani hakijafa. Kimevua kikoi kikavaa koti la bodaboda.

Tena fungu la tatu lina hatari zake. Hoteli hutegemea amani na afya. Agosti 1997 vita vilipozuka Likoni, wageni walikimbia, na watu wengi wa hotelini wakarudishwa nyumbani. Mwaka wa 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mambo yalikuwa yaleyale. Bandari nayo hutegemea mashine na amri. Kontena lilipoingia, kreni moja ilichukua kazi ya vikosi vya makuli. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka wa 2017, na mizigo ikaamriwa kupelekwa Nairobi kwa gari la moshi, madereva wa malori, mafundi wa gereji na wauza vyakula wa Changamwe na Miritini walipungukiwa, hata watu wakaandamana mjini mwaka wa 2019. Septemba 2022 Serikali mpya iliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Kazi iliyoondoka kwa amri ikaitwa kwa amri nyingine; wakati huohuo mtoto alikuwa amekwisha rudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo.

MAMBO YA KUFANYA

Je, wakaaji wa Mkomani wafanye nini? Hapana amri itakayorudisha shamba la katani Nyali, na hapana haja ya kumlazimisha kijana ashike nyavu. Lakini yako mambo matatu yafaayo kuzingatiwa.

La kwanza, kazi isipimwe kwa jina lake. Ipimwe kwa maswali matatu: Je, ina ujuzi ambao mtu mwingine hawezi kuupata kwa siku moja? Je, ina maandishi yanayomlinda mfanyakazi akiumwa au akizeeka? Je, mtu akiishika miaka mitano atakuwa amepanda, ama atakuwa palepale? Kazi ya uvuvi inayojibu vema maswali haya ni bora kuliko kazi ya kaunta isiyoyajibu. Kuona haya samaki na kutamani tai si busara.

La pili, mafungu matatu yaunganishwe. Mvuvi asiye na barafu hana budi kuuza upesi kwa bei ya mchuuzi, maana samaki hamngoji. Akiwa na barafu, na mizani, na mtu wa kuandika hesabu, na pikipiki ya kupeleka samaki hotelini, bei huwa katika mkono wake. Barafu ni fungu la pili. Hesabu na pikipiki ni fungu la tatu. Samaki ni fungu la kwanza. Hapo kijana mwenye bodaboda na mzee mwenye mtumbwi si wapinzani tena, bali ni washirika wa biashara moja. Kanuni za mwaka wa 2007 ziliwapa wavuvi wa Kenya ruhusa ya kuunda vikundi vya kusimamia bandari zao ndogo, na kikundi chenye vitabu safi vya hesabu huweza kuomba mkopo kwa heshima. Nazi vilevile: atengenezaye mafuta, kamba za makumbi na makaa ya vifuu hupata mara kadha kuliko auzaye dafu tu.

La tatu, ufundi utangulie kuhama. Mombasa ina mfano wake. Chuo cha ufundi cha Waislamu kilichoanzishwa mwaka wa 1948 kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1951. Mwaka wa 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, na tangu mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliotoka humo na mikono yenye ufundi hawakuogopa sana jina la fungu. Fundi wa mitambo ya meli huweza kutengeneza kreni, na fundi wa umeme wa kiwanda hupata kazi hotelini. Lakini aliyejua kubeba gunia tu, gunia lilipotoweka, alitoweka nalo. Wazazi wanaolipa mali nyingi kwa harusi ya siku mbili wafikiri pia juu ya karo ya ufundi wa miaka miwili. Tena wasiwasahau mabinti, kwa maana dereva, fundi wa barafu na karani wa forodha hawachaguliwi kwa mavazi.

Viongozi nao wana fungu lao. Kumpa mtu hati ya mahali alipo, kulinda njia ya wavuvi kushukia pwani, na kutangaza mapema mabadiliko ya bandari na reli, hayo ni mambo ambayo mwananchi hawezi kuyafanya peke yake. Mtu aliye na hati huweza kuuza ardhi kwa hiari, au kuilima, au kujenga juu yake chumba cha kupangisha. Mtu huyo atavutwa; hatasukumwa.

Wazee wa Pwani walisema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Pepo za kazi zimegeuka tangu siku za katani, nazo zitageuka tena. Hakuna awezaye kuzizuia pepo, lakini tanga huweza kushonwa kabla ya safari, na ufundi ndio tanga lenyewe. Kila nyumba ya Mkomani yafaa ianze kushona sasa.